Sinia la Mavumo

Nchi ya Mavumo imelala kati ya milima iliyokonda kama mbavu za punda wa kukodi, na juu ya bonde lake imekaa roshani ya Mtukufu Kirindima na washauri wake, watu wa videvu vitatu vitatu ambao chaki waliishika siku ya kuchora mipaka ya mashamba yao tu. Hao ndio waliozua ujira mpya wa walimu: kila darasa likatundikwa sinia la shaba, na mwalimu akalipwa kwa jinsi linavyotetemeka wanafunzi wakiitikia maneno yake. Darasa likinguruma, mwalimu anabeba gunia la mtama; likinong'ona, anakung'utiwa pumba.

Basi walimu wakateremkia bondeni kwenye watoto tele, wakaacha kuuliza "kwa nini?", maana mtoto akiulizwa hunyamaza afikiri, na kimya hakina mtama. Bi Tunza, mwalimu na mke wa mchoma mkaa Chamwela, alibaki mlimani akiuliza, akala pumba hadi mwili ukamshinda. Alipozikwa, wakubwa walituma rambirambi yenye muhuri. Muhuri! Kana kwamba unaliwa.

Darasa akalirithi Mwalimu Sikudhani, naye leo alikuwa anakunja mkeka wake.

"Mwanangu, watoto hawa unamwachia nani?" Chamwela akamuuliza.

"Baba, niache nikapige kelele na wenzangu. Njaa inauma."

"Nitakupa mkaa."

"Nipike nini?"

Chamwela akageukia njia ya bondeni. "Ningoje. Nikirudi mikono mitupu, nenda."

Akateremka na masizi yake mpaka chini ya roshani, ambako umati uliolelewa na masinia ulikuwa umekuja kumshangilia Mtukufu.

"Mmemuua mke wangu kwa pumba!" akafoka. "Walipeni walimu kwa kazi, si kwa kelele!"

Kirindima akacheka, kidevu kwa kidevu. "Huyu hata jina lake huliandika kwa kuomba msaada! Mtoeni!"

"Mtoeni!" umati ukaitikia, wala hakuna aliyemgusa Chamwela.

"Nyamazeni!"

"Nyamazeni!"

"Wajinga nyinyi, mimi ndiye mtawala hapa!"

"Wajinga nyinyi, mimi ndiye mtawala hapa!"

Nguzo za roshani zikaanza kutetemeka. Chamwela aliwatazama machoni, asitambue kama ile ilikuwa hasira au mazoea tu.

Kirindima akashuka ngazi moja kuwatisha.

Nao wakapanda moja.