Mbinu Nne za Makaa

Usiku wa kuamkia leo niliota naitwa uwanjani. Kando yangu alisimama Makaa, mnyama wangu wa kwenye gemu, mfano wa nguchiro, mgongo unawaka moto. Kwenye skrini huwa na kimo cha kidole. Ndotoni alinipita mabega, na alikuwa na kikohozi.

Upande wa pili alikuwepo mdogo wangu Tunu, amekaa juu ya mnyama wake Kisima, ambaye ni maji matupu yenye macho.

Refa alikuwa pasi ya mkaa. Alifungua mdomo, moshi ukatoka. "Kila mnyama mbinu nne, hazizidi. Akijifunza ya tano, moja inasahaulika. Zitajeni."

Nikazitaja za Makaa kwa fahari: Mwale wa Moto, Ngumi ya Moto, Mvua ya Moto, Mlipuko.

"Zote moto?" Kisima akauliza.

"Nilitazama nguvu."

"Nami ni maji," akasema kwa upole, kama mtu anayekujulisha kuwa vifungo vya shati viko wazi.

Makaa anarusha Mwale, unazimika fuu. Anatupa Ngumi, unatoka mvuke. Mvua ya Moto ndiyo kali zaidi, lakini hukosa shabaha kuliko zote. Inaangukia jukwaani, inaunguza mwavuli wa mama mmoja anayekula karanga. Mama anaendelea kula. Kisima anapiga wimbi moja tu, na Makaa anadondoka, mgongo mweusi.

"Jikunje!" nikampigia kelele. Tangu akiwa mdogo alikuwa na mbinu hiyo: akijikunja anapumua, na moto wake unarudi.

Akanitazama. "Kujikunja ndiyo kufanyaje?"

Hapo nikakumbuka. Mbinu hiyo niliifuta mwenyewe, siku niliyompa Mlipuko. Gemu iliniuliza kama nina hakika, nami nikabonyeza ndiyo.

"Mlipuko ninao," akasema Makaa. "Nikilipuka unashinda, ila mimi nakwisha. Nilipuke?"

"Usilipuke."

Uwanja ukawa jikoni kwetu Korogwe. Kisima akajimimina mtungini, akangoja.

"Iliyosahauliwa hurudi kwa kubadilishana," akasema refa, sasa akiwa juu ya kinu. "Wewe nawe una nne. Toa moja."

"Nina nne tu? Nimesoma mpaka chuo."

"Chuo hakihesabiwi." Akanisomea: kusonga ugali, kuendesha baiskeli, kumbembeleza Tunu akilia, mluzi wa Baba.

Mluzi huo Baba aliupiga akirudi kutoka kazini, tukajua tuteleke maji ya chai. Tunu alijaribu miaka na miaka, hakuupata. Mimi niliupata. Baba alipofariki hatukuwa na sauti yake popote, isipokuwa hiyo, midomoni mwangu.

"Fanya upesi," akasema refa. "Napoa."

Makaa anatetemeka sakafuni. Napiga hesabu: ugali ninaula kila siku, baiskeli inanipeleka kazini, Tunu bado hulia.

"Mluzi," nikasema. Nilisema kama mtu anayechagua nyanya huku mvua imeanza.

Makaa anajikunja. Mgongo unaanza kuwaka, kwanza rangi ya kutu, kisha ya chungwa. Naona raha, na papo hapo naona nimepungukiwa, kama mtu aliyeshuka garini akasahau mzigo.

Tunu akanisogelea. "Kaka, umetoa nini?"

"Kitu kidogo."

"Kidogo kipi?"

Nilitaka kumwonyesha. Sikukumbuka kinaanzaje.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapita pazia. Tunu alikuwa kizingitini kwangu, ameshika gemu kwa mikono miwili, mashavu yamelowa.

"Kaka, samahani, nimeichukua bila kukuomba," akasema. "Sikiliza kwanza. Huyu mnyama wako akijikunja, anapiga mluzi."

Akabonyeza. Ukatoka, mwembamba, wenye ule mkato wake katikati.

"Si wa Baba huu?" akauliza. "Hebu mwitikie."

Nikakunja midomo, nikavuta pumzi, nikapuliza. Ukatoka upepo mtupu.