Kipande Kitupu Kando ya Kaburi la Anania

Nyumba ilikuwa nzima mno, na hilo ndilo lililoanza kumtia shaka Pudensiana.

Alikuwa muuguzi Tukuyu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Mwezi Juni angestaafu, na nyumba ya watumishi aliyokuwa akikaa angemkabidhi mwingine. Kurudi kwao Sumbawanga hakutaka. Waliomjua kule walikuwa wamekwisha. Alitafuta nyumba ya kuzeekea, na alikwisha kuona nyingi za kutosha kujua kwamba nyumba iliyofungwa katika mvua za Rungwe haidumu. Kuvu huota ukutani, mchwa hula vizingiti, bawaba hushika kutu. Hii ya Masoko, aliyoambiwa imefungwa tangu mama mwenye nyumba afariki miaka mitatu nyuma, ilifunguka kwa kufuli laini kama lililotiwa mafuta jana.

“Mzee alijenga kwa matofali ya kuchoma,” alisema Andongwisye, akigonga ukuta kwa kiganja. Ndiye aliyekuwa akiiuza nyumba hii ya wazazi wake, mtu wa makamo, mfanyabiashara wa Mbeya, mwenye viatu visivyopenda tope. “Milango yote mninga. Ona pale juu.”

Juu ya mlango wa mbele, mtu alikuwa amechora mwaka 1961 kwenye saruji mbichi, kwa kijiti. Pudensiana aliupenda mwaka ule. Aliipenda baraza pana, dari ya mbao na dirisha la jikoni lililotazama mashamba ya kahawa. Alijionya. Akaingia jikoni, akapitisha kidole juu ya jiwe la jiko. Kilitoka cheusi, chenye masizi mepesi, makavu. Masizi ya miaka mitatu yangekwisha kunyonya unyevu na kuganda.

“Nani anapika hapa?”

“Labda vibarua, sista. Wakija kufyeka.”

“Umesema funguo unazo wewe peke yako.”

Andongwisye alicheka. “Sista, wewe ungekuwa polisi tungefungwa wote.”

Nje walimkuta jirani, bibi mmoja mrefu aliyeitwa Tupokigwe, amesimama na jembe begani. Alimsalimu Pudensiana kwa heshima, “Mwagonile,” kisha akamgeukia Andongwisye na kumuuliza jambo kwa Kinyakyusa. Pudensiana hakuwahi kuisema vizuri lugha ile, lakini Kinyakyusa cha zahanati alikijua: tumbo, mgongo, homa, macho. Bibi alikuwa ameuliza habari za amaso, macho. Andongwisye alijibu kwa neno moja, akamshika Pudensiana kiwiko na kumpeleka nyuma ya nyumba.

Macho ya nani? Pudensiana alimtazama Andongwisye usoni. Yake hayakuwa na tatizo.

Nyuma kulikuwa na kaburi. Hilo halikumshangaza, wenyeji wa huku huzika nyumbani, na anayenunua nyumba hununua akijua kwamba watoto wa marehemu watakuja kufagia kaburi lao. Lilikuwa kaburi la saruji lenye msalaba na jina la Anania. Kilichomshika macho ni upande wake wa kushoto. Migomba ilikuwa imejaa kila mahali, imesongamana hadi ukutani, lakini kando ya kaburi kiliachwa kipande kitupu chenye ukubwa wa kitanda cha mtu mmoja. Hakikuwa na mgomba, hakikuwa na jani. Udongo wake ulikuwa umepaliliwa wiki hiyohiyo.

Wazo la kwanza lilimjia baridi: kuna mtu amezikwa pale bila alama. Akainama. Udongo ulikuwa umeshikamana chini ya ile ngozi iliyopaliliwa, haukuwa umefukuliwa kamwe.

“Huyu ni baba yako,” alisema. “Na mama?”

“Mama tulimzika kwao, Suma.”

Pudensiana alikuwa amehudhuria misiba mingi ya wilaya hii, mingine ya wagonjwa aliowafumba macho yeye mwenyewe. Alijua kwamba mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Ndugu zake humchukua wakazike kwao pale tu mahari haikutolewa, au ilirudishwa.

“Kwa hiyo baba yako hakutoa ng'ombe,” alisema, kwa sauti ileile ambayo angeuliza kama mgonjwa amekunywa dawa.

Andongwisye alisimama wima. Ulaini wote ulitoka kwenye sauti yake.

“Hakutoa? Sista, usinitukanie mzazi. Alitoa wote! Ukoo mzima wa mama ulikunywa maziwa ya ng'ombe wa Anania. Nenda popote uulize.”

“Nisamehe. Nilitaka kujua tu.”

“Hayo si ya kuuliza mtu.” Akajipangusa paji la uso. “Haya, tuandikishane lini? Kwa wakili, mjini. Huku kijijini maneno ni mengi.”

Pudensiana alisema atafikiri, akapewa ufunguo mmoja wa kuja kupima vyumba. Njiani, ndani ya gari la Andongwisye, alilipanga jambo: ikiwa mahari ilitolewa, mama angekuwa amezikwa kando ya Anania. Mtu huyu angeweza kujibu kwamba ng'ombe hawakutolewa, na shauri lingekwisha pale. Alikuwa radhi kudanganya juu ya kifo cha mama yake, lakini hakuwa radhi baba yake aonekane alioa bure.

Jumamosi alirudi peke yake kwa bodaboda, mvua nyembamba ikimpiga magotini. Alipokwisha kupima vyumba alitoka nje, akamkuta bibi Tupokigwe nyuma ya nyumba, ameinama juu ya kile kipande kitupu, anang'oa magugu kwa vidole.

“Umerudi, mwanangu? Pole na mvua. Andongwisye kasema wewe ndiye mpangaji.”

“Kasema hivyo?”

“Utatuwashia taa mpaka mwenyewe apone. Mwenyewe aliniachia ufunguo, nami nimechoka kuja kuwasha moto kila juma, wezi wasione pamelala.”

“Mwenyewe ni nani, bibi?”

Tupokigwe alimtazama kama mtu anayepima kama ametaniwa. “Esnath! Mama yake. Alichukuliwa Mbeya kwa ajili ya macho, wakati wa mavuno ya kahawa. Aliniambia, Tupo, nyumba hata ikilala, hapa pangu kando ya Anania pasiote migomba. Nikifa niko Mbeya, wakinileta wasianze kufyeka kama wananitafutia mahali.”

Pudensiana alikaa kwenye ukingo wa kaburi, kisha akakumbuka ni kaburi, akasimama. Aliitazama nyumba. Angeweza kuondoka sasa. Kwa wakili kila kitu kingekuwa na muhuri, na Juni ilikuwa inakuja. Hakuna ambaye angemuuliza kwa nini hakuuliza.

“Una namba ya simu ya huko?”

“Ya Happy, mjukuu wake.”

Happy alipokea, akacheka na bibi Tupokigwe kidogo, kisha akaipeleka simu chumbani. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzee na haikuwa ya mgonjwa.

“Nani huyo?”

“Naitwa Pudensiana, mama. Muuguzi wa Tukuyu. Nyumba yako ya Masoko inauzwa. Unajua?”

Tupokigwe aliacha kung'oa magugu.

“Inauzwa kwa nani?”

“Kwangu.”

“Sasa wewe unanunua, halafu unanipigia?”

“Ndiyo.”

“Tupo yupo hapo? Mwambie asiondoke. Happy! Viatu vyangu viko wapi?”

Jioni Andongwisye alipiga simu. Hakusalimia. “Sista, nilikupa nyumba. Ulitaka nini zaidi?”

“Mwenye nyumba,” alisema Pudensiana, akakata.

Esnath alirudi wiki iliyofuata, ameshikwa mkono na Happy. Pudensiana alikwenda kurudisha ufunguo aliopewa wa kuonea nyumba. Alimkuta mama yule anapita mlango hadi mlango, akipapasa mbao za mninga na kuvuta bawaba, masikio yameelekezwa kwenye kila mlio. Alipofika nyuma alipiga magoti, akapima kile kipande kwa viganja, kutoka kichwani hadi miguuni, akaridhika.

“Wewe ndiye uliyepima vyumba vyangu?” aliuliza bila kugeuka.

“Ndiyo, mama. Macho yako yana mtoto wa jicho. Yanatibika. Walikufanyia nini Mbeya?”

“Walinikalisha.” Akanyoosha mkono, akapewa ufunguo, akaupapasa meno. “Umechonga mwingine?”

“Hapana.”

“Nionyeshe mkoba.”

Pudensiana aliufungua. Esnath aliingiza mkono, akapekua taratibu: kitambaa, simu, rula ya chuma, miwani.

“Mtu anayeiacha nyumba kama hii,” alisema, akiurudisha mkoba, “simwelewi. Happy, msindikize mpaka barabarani. Uone anapanda pikipiki.”

Pudensiana hakukasirika. Angekuwa yeye, angepekua na mifuko.