Mshumaa wa Tatu

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baada ya ibada ya pili, Mama Ignas alimkuta shetani sebuleni kwake, mtaa wa Kalangalala. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, ana pembe mbili, mizani mkononi, na tabasamu la mwenye duka anayejua kwamba mteja hana pa kwenda. Alikuwa ndani ya kioo cha laptopu. Mbele ya laptopu alikaa Eufrasia, binti yake wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu, nyumbani kwa likizo, bado na sketi yake ya kanisani.

"Huyo nani?" Mama akauliza.

"Muuzaji, mama."

"Anauza nini?"

Eufrasia alifikiri haraka, na kwa kuwa alifikiri haraka mno, akasema ukweli. "Nguvu. Unampa kipande cha moyo wako, anakupa moto."

Utetezi wake uliharibikia hapo. Alijaribu kueleza kwamba ni gemu tu, limetengenezwa na vijana wawili wasio na kampuni wala ofisi, na kwamba kaka yake Ignas ndiye aliyeliacha alipokwenda chuo Mwanza. Alieleza kwamba ndani yake kuna mpiga kengele mdogo anayeshuka chini ya kanisa lililomeza waumini wake, mashimo tisa, chumba baada ya chumba, akiwarushia mapepo cheche za mshumaa. Ukifa unaanza upya juu kabisa, na vyumba vyote vimepangwa upya. Kwa hiyo, alisema Eufrasia, ni gemu la dini.

"La dini gani?" Mama akauliza.

Hukumu ikatolewa wamesimama. Laptopu ilifungwa kwenye kanga, ikawekwa juu ya kabati la vyombo, na juu yake ikalazwa Biblia kubwa. Jumapili inayofuata Mchungaji Benjamini angekuja kuiombea. Mpaka siku hiyo Mama angefunga, na kila asubuhi, saa nne hadi saa sita, angekuwa chumbani mwake akiomba, mlango umefungwa, asisumbuliwe hata na mgeni.

"Na ikifunguliwa hata mara moja kabla ya hapo," alisema, "Shinyanga uisahau. Utasoma kutwa hapahapa. Nikuone ukienda, nikuone ukirudi."

Shule ya bweni ya Shinyanga ndiyo ilikuwa nchi ya Eufrasia. Kule alikuwa mtu: bweni zima lilinyamaza aliposimulia, na rafiki yake Rebeka alikuwa amemwekea kitanda cha juu, karibu na dirisha, kwa ugomvi na machozi. Nyumbani alikuwa mdogo wa Ignas tu. Alikula kiapo moyoni kwamba hataigusa ile laptopu. Kiapo hicho kilidumu mpaka Jumanne, saa saba mchana.

Alirudi kutoka tuisheni akakuta nyumba tupu. Mama alikuwa sokoni. Baba yake, Mzee Mabula, alikuwa dukani kwake anakouza vipuri vya pampu za maji. Shangazi Klara, dada wa Baba aliyekuja kutoka Didia kutibiwa mguu, alikuwa kwa jirani akisimulia mguu huo. Eufrasia alitazama juu ya kabati kwa nia safi kabisa, ndipo akaona jambo. Biblia ilikuwa imelazwa kichwa chini.

Mama yake hawezi kuiweka Biblia kichwa chini. Akaishusha. Akagusa kanga. Ilikuwa na uvuguvugu, kama sahani iliyotoka kuoshwa kwa maji ya moto.

Kwa ajili ya haki na ukweli, akafungua.

Gemu lile huanza na mishumaa mitatu, nafasi tatu za wachezaji. Wa kwanza ulikuwa wa Ignas. Wa pili ulikuwa wake. Wa tatu ulikuwa haujawahi kuwashwa tangu laptopu iingie nyumba ile.

Ulikuwa unawaka.

Alitazama nyuma. Pazia lilicheza kidogo, au halikucheza. Akabonyeza mshumaa, na kumbukumbu za mchezaji zikajitokeza: amecheza masaa manne. Amekufa mara ishirini na sita. Amefika shimo la nne. Mikataba na mwenye pembe: sufuri. Baruti zilizotumika: kumi na nne. Vyumba vya siri vilivyopatikana: kumi na vinne.

Eufrasia alisoma mistari miwili ya mwisho mara tatu. Vyumba vya siri hujificha nyuma ya kuta, na ukuta lazima uulipue ndipo ujue. Yeye mwenyewe, miaka miwili ya uzoefu, akilipua kuta kumi hupata chumba kimoja, na hicho huwa na nzi. Na mikataba alishafanya mia moja na kumi na miwili. Huyu mtu hajakosea ukuta hata mmoja, na shetani hajamuuzia hata kiberiti.

Alirudisha kila kitu mahali pake, Biblia kichwa chini vilevile, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la Kemia. Akaandika: WATUHUMIWA.

Wa kwanza, Baba. Alikuwa fundi baruti miaka kumi na mitano kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu kabla ya kufungua duka. Wa pili, Shangazi Klara. Anaogopa hata simu, lakini anajua sana habari za yule mwenye pembe kwa mtu ambaye hajamwona. Wa tatu, shetani mwenyewe. Dhidi yake: pembe. Kumtetea: asingesusia duka lake. Mama hakumwandika. Mama alikuwa kwenye mfungo.

Bwenini, alipotaka kumjua mwizi wa sukari, Eufrasia alipaka masizi kwenye kifuniko cha kopo, na kesho yake kiranja wa maadili akaja gwaride na pua nyeusi. Basi jioni ile alikwangua masizi ya sufuria, akayapaka kidogo kwenye vitufe vya laptopu, akangoja.

Jumatano chakula cha mchana alikagua vidole. Vya Baba vilikuwa vyeusi, kwa grisi. Vya Shangazi vilikuwa vyeusi, kwa kuwa aliwasha mkaa. Vya Mama vilikuwa vyeusi, kwa kuwa alikuwa akisugua sufuria. Vyake mwenyewe vilikuwa vyeusi kuliko vyote.

"Mbona unatutazama mikono kama polisi?" Mama akauliza.

"Natafakari, mama, jinsi mnavyofanya kazi."

"Osha vyombo, utafakari vizuri."

Alhamisi mambo yakaharibika zaidi. Shangazi Klara aliinyooshea kidole laptopu kule juu akasema, "Kitu kile hakihitaji mtu, ng'wanawane, mwanangu. Kinajifungua chenyewe. Nasikia kinalia chumba hadi chumba."

"Kinalia saa ngapi, shangazi?" Eufrasia akauliza upesi.

"Nikiwa nimelala nitajuaje saa? Ila Jumapili tumwite yule Mwalimu Magesa wa kompyuta. Wanasema anaweza kusoma ndani, siku gani imefunguliwa na saa ngapi. Tumjue mtu."

Mwiko ulimponyoka Mama ukaanguka sakafuni. "Mwalimu ana kazi zake," akasema.

"Jumapili ana kazi gani?" Baba akasema. "Nitamwambia."

Eufrasia alipiga hesabu. Jumanne saa saba imeandikwa mle ndani, yake, kwa ushahidi wa mashine. Asipompata mwenye mshumaa wa tatu kabla ya Jumapili, masaa yote ya mtu huyo yatabebeshwa shingo yake. Na kwa nini Baba ana haraka hivyo ya kumwita mwalimu? Mtu asiye na hatia huwa hana haraka.

Jumamosi alasiri Mama alikwenda mazoezi ya kwaya. Shangazi alikwenda kwa jirani. Eufrasia alimkuta Baba sebuleni, akashusha laptopu mbele yake, akasema kwa sauti nzito, "Baba, najua."

Mzee Mabula aliweka kikombe chini polepole. "Nani kakwambia? Ni vipande viwili tu vya nyama. Siwezi kufunga pamoja na mama yako, nina vidonda vya tumbo."

"Siyo nyama. Hii."

Baba alikiangalia kioo, mishumaa mitatu, kwa macho ya mtu anayetazama ng'ombe wa jirani. Eufrasia hakudanganyika. Akamwanzishia shimo la kwanza kwa mshumaa wake mwenyewe, akamwonyesha vitufe, akamwambia, "Piga baruti, tuone."

Akaona. Vidole vilivyokuwa vikifunga utambi gizani vilibonyeza kila kitu isipokuwa kinachotakiwa. Baba alilipua ukuta wa kwanza, patupu. Wa pili, patupu. Baruti ya tatu alisahau kukimbia, na mpiga kengele akatawanyika chumba kizima.

"Baba! Wewe si fundi?"

"Fundi baruti anaonyeshwa ukuta," alisema Mzee Mabula, amekasirika kweli. "Hachagui. Ukimwachia achague, atabomoa mlima mzima."

"Sasa nani anachagua?"

"Mawe yakipanda juu, wanawake wanayachambua pale mdomoni mwa duara. Wao ndio wenye macho. Wanaona kwa rangi. Basi wanatuma neno: jiwe la asubuhi lilikuwa zuri, rudini kushoto. Tunarudi kushoto." Akatabasamu kidogo. "Mama yako alikuwa haangalii mara mbili. Miaka tisa pale Nyarugusu, akisema hili lina kitu, lina kitu. Ndiko nilikompata."

Eufrasia akauliza, "Kwa nini asishuke akachague mwenyewe?"

"Mwanamke akiingia duarani dhahabu inakimbia," alisema Baba. Akageuza uso dirishani. "Ndivyo tulivyokuwa tunasema."

Eufrasia akabonyeza mshumaa wa tatu. Masaa kumi na moja. Vifo sitini na vitatu. Shimo la nane, ambako hata Ignas hajafika. Mikataba sufuri. Baruti thelathini na tisa, vyumba thelathini na tisa. Mchezaji alikuwa ameliacha gemu limesimama katikati ya chumba, mbele ya ukuta wa mawe. Eufrasia alisogeza macho. Jiwe moja, chini kulia, lilikuwa na kijani kidogo kuliko mengine. Miaka miwili alikuwa akipita mbele ya mawe hayo.

Saa nne hadi saa sita, mlango umefungwa.

Geti likalia. Mama Ignas akaingia na daftari la nyimbo kwapani, akawakuta wawili hao na shimo la nane lote limefunguka kati yao.

"Tulikuwa tunatafuta chaja," alisema Baba, akaondoka kwenda dukani bila viatu.

Mama alikwenda jikoni, akabandika maji ya ugali. Eufrasia alimfuata. Akili yake, iliyonolewa na miaka mitatu ya bweni, iliona mlango mmoja tu wa kutokea.

"Mama. Jumanne mchana niliifungua nusu saa, na wewe siku zote. Mimi naweza nisiseme kitu kesho. Na wewe usiseme kitu. Mwalimu Magesa tumwambie asije. Jumatatu narudi shule."

Mama alimimina unga, akasonga kidogo. "Hiyo ndiyo bei?"

"Ndiyo, mama."

Mama aligeuka akamtazama kichwani, upande huu na upande huu, kama anayetafuta kitu kwenye nywele. "Hazijaota bado," alisema. "Nimekufa mara sitini na tatu sijanunua kwa yule mwenye pembe. Nije ninunue kwako?"

Hilo ndilo lililomsumbua Eufrasia mpaka asubuhi, kuliko hata shule. Aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa yeye.

Jumapili walikuja wote: Mchungaji Benjamini na kitabu chake, Mwalimu Magesa na miwani yake. Shangazi Klara alikaa mbele kabisa kama mtu wa harusini. Laptopu ilifunuliwa, ikawashwa, mishumaa mitatu ikawaka. Mwalimu akasugua mikono.

"Ngoja, Mwalimu," Mama akasema. "Usihangaike. Jumanne mchana ni Eufrasia, nusu saa. Jana ni Eufrasia na baba yake."

Mzee Mabula aliinama kutazama soksi zake.

"Siku zilizobaki ni mimi."

Kila mtu akamtazama mwenzake kutafuta aliyesikia vibaya.

"Mfungo je, Mama Ignas?" Mchungaji akauliza kwa upole.

"Sikula kitu, Mchungaji. Na kuomba nimeomba. Shimo la sita nimeomba kuliko mwaka mzima uliopita. Mwanzo nilitaka kumjua adui. Halafu nikaona ukuta. Miaka tisa nilichambua mawe yaliyotoka mahali nisiporuhusiwa kuingia. Nilitaka tu kuona kulivyo."

Mchungaji alitafakari. Alikuwa mtoto wa machimbo naye. "Na yule mwenye pembe?"

"Yupo. Ana duka kila shimo, mlango wazi. Nilipita."

Mchungaji Benjamini aliiombea laptopu hata hivyo, kwa tahadhari, jicho moja wazi. Baada ya amina, Mama alimgeukia binti yake.

"Nilisema ikifunguliwa hata mara moja, hurudi Shinyanga. Wa kwanza kuifungua ni mimi, siku iliyofuata. Siwezi kukufukuza kwa mlango niliouacha wazi mwenyewe. Kesho unapanda gari. Ila laptopu inabaki."

Eufrasia alifurahi mpaka alipolisikia lile neno la mwisho vizuri. Akaanza kumshuku mama yake upya. Jioni, kwa mazoea tu na bila kumtuhumu mtu, alikwangua masizi akapaka vitufe.

Jumatatu asubuhi, tranka iko mlangoni, aliomba aage. Akafungua. Mishumaa ilikuwa mitatu, lakini wa kwake ulikuwa umefutwa. Miaka miwili, mikataba mia moja na kumi na miwili, vyote havipo. Mahali pake palikuwa na mchezaji mpya: dakika arobaini, vifo thelathini na kimoja, shimo la kwanza.

"Mama!"

"Mimi nina wangu," Mama alijibu kutoka jikoni.

Baba alikuwa ametoka alfajiri. Akabaki Shangazi Klara, ambaye alikuwa asafiri naye gari moja mpaka Didia, lakini asubuhi hiyo mguu ulikuwa umemzidia ghafla, itabidi akae wiki nyingine mbili. Alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Na mwenye mguu mbovu hapiki, hawashi mkaa, hasugui sufuria.

Mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya kanga.

"Shangazi," Eufrasia alisema, "nikuage kwa mkono."

"Wahi, ng'wanawane," alisema Shangazi Klara bila kuitoa. "Gari litakuacha."