Kazi ya Bilha Ilikuwa Kukaa

Bilha hakuwa mtu wa kutembea, na hapa Lodwar hakuna aliyemjua ambaye angebisha. Kutoka geti la ofisi mpaka sokoni, mwendo ambao mtoto wa nasari anaumaliza huku akirusha mawe, yeye alipanda bodaboda. Kazini alikaa masjala, kwenye kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na faili ndizo zilizomfuata. Basi siku aliposema kwamba anakwenda kutembea na mumewe kwa miguu kutoka Kakuma mpaka Lodwar, wenzake walicheka hadi wakafuta machozi. Nyachuol, rafiki yake wa kanisani, alimwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ni malaria.

Haikuwa malaria. Ilikuwa hofu, na ilikuwa imemkaa kifuani kwa miezi, akilala nayo na kuamka nayo. Aliogopa kwamba mumewe atakufa barabarani, amesimama.

Mumewe, Madut, aliingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa mtoto mdogo, kwa miguu, katika ule msururu wa watoto kutoka Sudan ambao dunia iliwapiga picha kisha ikawasahau. Sasa ni mtu mzima mwenye duka la vitambaa na mvi mbili tatu kidevuni. Kila mwaka yeye na wenzake waliokuja naye hupiga hodi ofisi moja baada ya nyingine wakitafuta ruhusa, wakishaipata wanatembea tena, safari hii kuelekea Lodwar, ili miili yao isisahau. Wana sheria zao. Wanakwenda kwa mstari. Mbele anatangulia Aguer, mkubwa wao, na fimbo yake, na mpaka fimbo hiyo ilazwe chini hakuna kukaa, wala hakuna kutia kitu mdomoni ila maji. Katika safari ile ya kwanza, aliyekaa ndiye aliyebaki. Ayuen, ndugu yake Madut, alikaa kung'oa mwiba. Mstari haukusimama. Madut alisukumwa na waliokuwa nyuma yake, na alipogeuka hakumwona tena. Hayo alimsimulia Bilha mara moja tu, wakati wa uchumba, na hakuyarudia.

Tangu hapo Madut hakai njiani. Gari likiharibika, abiria wote wakakimbilia kivuli, yeye husimama. Akisubiri basi la Kitale husimama kando ya benchi tupu. Zamani Bilha alimtania kwamba ameolewa na mlingoti wa bendera, na wote wawili wakacheka.

Kisha ugonjwa wa sukari ukaja, na kicheko kikaisha. Siku moja alijidunga dawa yake asubuhi, wateja wakamkalia kooni, akasahau kula. Sukari ikashuka. Alitetemeka, akalowa jasho, akaanza kumfokea mteja kwa Kidinka, na mteja mwenyewe ni mama wa Kisomali wa watu ambaye hakumkosea lolote. Bado hakukaa. Alisimama hivyo hivyo mpaka akaanguka juu ya majora ya vitambaa. Muuguzi wa Lodwar, Chepngetich, aliwaketisha wote wawili akawaeleza polepole: ukiona jasho na kutetemeka, kaa chini, kula kitu kitamu papo hapo. Akamgeukia Bilha akamwambia kwamba mtu akishazimia asimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Amuwahi kabla.

Hilo neno kabla ndilo lililomnyima Bilha usingizi. Alimsihi mumewe mwaka huu asiende. Madut akasema akikosa safari hiyo ni kama amekufa tayari. Bilha akaomba basi wamwambie Aguer. Madut akamjibu kwamba siku Aguer atakapojua, atampandisha kwenye pikapu pamoja na masufuria, na yeye hatabebwa kama masufuria. Mwanamume akishasema hivyo unafanya nini? Bilha akasema: nami nakuja.

Mnaona sasa kwa nini alikwenda. Mtu mwepesi angefaa nini pale? Alitakiwa mtu mzito, mwenye pumzi fupi, ambaye akikaa hakuna wa kumshuku. Akikaa yeye, mumewe hatamwacha. Asipomwacha, naye atakaa. Akikaa, atakula. Bilha alilipanga jambo hilo kitandani, akaliona halina kasoro, akajipongeza. Akajaza mkoba glukosi, biskuti na chupa ya soda, akanunua raba za rangi ya waridi kwa sababu ndizo pekee zilizomtosha.

Walitoka Kakuma alfajiri. Aguer alizitazama zile raba, akamtazama mwenyewe, akasema kwa adabu kwamba shemeji akichoka gari lipo. Lokaale, dereva wa pikapu ya kanisa iliyobeba maji, alimpungia mkono na kumwambia "ejok", salamu ya Kiturkana, kama anayemuaga marehemu. Bilha na mumewe wakawekwa mwisho wa mstari.

Jua halikuchelewa. Mapaja yalisuguana, vidole viliwaka moto, na lami ilipumua joto usoni kama mlango wa tanuri la mkate. Walipofika penye vichaka vya mathenge Bilha alikaa chini kwenye changarawe, puu, kama alivyopanga. Madut alirudi mbio. Na hapo ndipo mpango ukavunjika, kwa sababu Madut hakukaa. Alisimama mbele yake, akimkinga jua kwa kivuli chake, miguu ikicheza cheza mahali pamoja, macho kwenye mgongo wa mtu wa mwisho.

"Simama, mama Adau," alisema. "Hapa si mahali ya kukaa."

Alimwita kwa jina la binti yao, kwa upole, lakini sauti ilikuwa ya mtoto. Bilha alisimama. Siku ile alikaa tena, na tena, na kila mara mumewe alisimama hivyo hivyo akimngoja, hata akaona kwamba kwa kukaa kwake anamchosha zaidi, maana inambidi arudi nyuma kisha akimbilie mstari. Jioni fimbo ilipolazwa, Madut alikula ugali wake vizuri akacheka na wenzake. Bilha alikula akimhesabia matonge. Alijiona mjinga. Amekuja kumwokoa mtu na kumbe anamharakishia kifo.

Kesho yake upepo wa vumbi ulianza mapema. Akuei, mmoja wao, alitoka malengelenge nyayo zote mbili, na Lokaale akampakia kumpeleka mbele penye zahanati. Pikapu ikapotea kwenye vumbi. Hapakuwa na gari tena, wala mtandao kwenye simu, wala mti wa maana. Pande zote ilikuwa changarawe nyeusi na milima ya mbali isiyosogea hata utembee vipi.

Bilha alikuwa akitazama shati la mumewe. Kazi yake ilikuwa hiyo tangu alfajiri. Lilikuwa limekauka kwa jua, na chumvi imechora mistari mgongoni. Kisha, bila yeye kuona lilianzaje, likawa limelowa. Limeng'ang'ania uti wa mgongo. Lilikuwa jasho lile alilolitaja Chepngetich.

Alimwita. Madut hakugeuka. Alimwita tena, akakaza mwendo, jamani, mwanamke ambaye hajakimbia tangu shule ya msingi, akakimbia na mkoba ukimpiga ubavuni. Alipomfikia akaona mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka. Akatoa glukosi, akaimimina kwenye kiganja, akamsogezea mdomoni. Madut akaupiga mkono ule, unga mweupe ukachukuliwa na upepo. Akamfokea kwa Kidinka. Macho yalikuwa yake lakini hayakumjua.

Mbele, mstari ulikuwa ukienda. Bilha alipaza sauti kumwita Aguer, na upepo ukamrudishia sauti yake mwenyewe pamoja na mchanga. Alijua kinachofuata. Alikuwa amekiona kila usiku kwa miezi: atatembea hivi, atayumba, ataanguka, na akishaanguka hakuna cha kumtia mdomoni. Kabla, alisema Chepngetich. Kabla ilikuwa sasa, na ilikuwa inaisha.

Miguu ilimwisha. Hapana, hakujifanya. Alikaa katikati ya barabara, kwenye lami ya moto, kwa sababu magoti yalikataa, na woga ukamtoka kwa machozi na makamasi bila aibu.

Madut alipiga hatua kadhaa, akasimama. Akageuka. Alikuwa akiyumba.

"Simama," alisema. "Ayuen, simama. Wanaenda."

Bilha alisikia jina lile. Hakumwambia mimi si Ayuen. Hata hakujua maneno yanayofuata yalitoka wapi, maana hakuwa ameyapanga.

"Siwezi," alisema. "Nina mwiba. Siku ile nilipokaa, nani alikaa na mimi?"

Madut alifungua mdomo.

"Hakuna."

"Basi kaa na mimi leo. Mimi naogopa kukaa peke yangu."

Akamnyooshea mkono. Mkono wake ulikuwa mnene, umejaa mchanga. Madut aliutazama. Aliutazama mstari, ambao sasa ulikuwa vijiti vidogo kwenye vumbi. Bilha aliona anavyokaribia kwenda, mguu wa mbele ukiwa umeshageuka. Kisha magoti ya mumewe yakakunjika, polepole, moja baada ya jingine, kama mtu asiyejua mwili unakunjwa wapi, na Madut akakaa barabarani.

Bilha hakungoja. Alimkumbatia kichwa, akamtia soda mdomoni kidogo kidogo, akimwambia meza, baba Adau, meza. Nyingine ilimwagika kidevuni. Nyingine ilipita. Akampaka glukosi kwenye ulimi kwa kidole. Akangoja. Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko kutembea kote. Kichwa cha mumewe kilikuwa kizito kifuani pake, jasho lake baridi, na kila pumzi aliyoitoa, Bilha aliisubiri irudi.

Hatimaye akamsikia akiuliza kwa Kiswahili biskuti ziko wapi. Bilha alilia upya. Akamlisha, na mumewe akala, njiani, fimbo ikiwa bado juu, na hakuonekana kulikumbuka hilo.

Aguer alikuwa amegeuka. Alionekana kwa mbali, mrefu, fimbo imeinuliwa, na upepo ulipotulia kidogo sauti yake ikawafikia. Alikuwa akiwaita wainuke. Kelele ile ile, neno lile lile walilopigiwa wakiwa watoto. Bilha alihisi mwili wa mumewe ukishtuka. Akamshika mkono kwa nguvu zake zote, ingawa alijua hana nguvu za kumzuia. Akajaribu kuinuka ili wainuke pamoja, maana akiondoka peke yake tena hatamfikia. Miguu ikakataa. Alijaribu mara ya pili, raba za waridi zikateleza kwenye mchanga, na akaona kwamba sasa yeye ndiye wa kuachwa.

"Nenda," alisema. "Nenda uwaambie wanirudie."

Madut alifuta kidevu kwa mkono wa shati. Alimtazama mkewe, na safari hii alimjua. Kisha akainua mkono juu kumjibu Aguer, akautikisa mara moja, hapana, akaushusha.

"Bado," alisema. "Tukae kidogo, mama Adau."

Akavuta miguu yake mirefu, akaikunja vizuri kama mtu aliye nyumbani kwake, akaegemea bega la Bilha. Kule mbele, watu walianza kurudi.