Mfano Ulioombewa

Waithaka alikuwa na tabia ya kuchagua njia ya kazi baada ya kazi kuharibika. Nilimfanyia kazi mwaka ule wa elfu mbili na nne, ofisi yetu ikiwa ghorofani karibu na Adams Arcade, tukiandika programu za kompyuta kwa yeyote aliyetuamini. Mteja akiwa na haraka, Waithaka alimwambia sisi hujenga kwa vipande, unatumia kimoja huku tukijenga kingine. Mteja huyo huyo akija kulalamika, ghafla tumekuwa watu wa maporomoko: mahitaji yaliandikwa yote mwanzoni, yakatiwa sahihi, na usichokiandika ni shauri yako. Tofauti hakuijua, na mbaya zaidi, hakutaka kuijua. Ukimweleza, anachokonoa meno.

Mimi naijua. Maporomoko yanafaa kazi isiyobadilika, kama mishahara ya kiwanda, ambapo mwenye kazi anajua anachotaka tangu siku ya kwanza. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ukikosea juu utalia chini. Vipande vinafaa mteja aliye karibu, anayeweza kukuambia kila wiki hapa umenibana, hapa pamelegea. Halafu kuna mfano wa kutupa. Huo ni wa mteja ambaye hajui anachotaka mpaka akione. Unamchorea skrini, unazijaza majina ya uongo, anabonyeza, anasema hiki sikitaki, kile ongeza. Ukishamwelewa unautupa wote na kuanza kujenga. Fundi cherehani hukupima nguo ikiwa na pini, na hakuna bibi harusi anayekwenda kanisani na pini mwilini.

Kliniki ya kanisa kule Kangemi ilihitaji mfano wa namna hiyo. Muuguzi wao wa kifua kikuu, Sista Nthenya, alikuwa na kazi moja iliyomkosesha usingizi: mgonjwa akiacha dawa kabla ya kumaliza, amfuate mpaka kwake amrudishe. TB ukiikatizia dawa hairudi kwa upole. Inarudi imezizoea zile dawa, na mtu anakufa akiwa amezishika mkononi. Sista alitaka kompyuta imwambie kila asubuhi ni nani hajaja. Hilo tu.

Nikamtengenezea mfano. Ukiandika mgonjwa na kubonyeza, skrini inasema "Imehifadhiwa", na hakuna kilichohifadhiwa, ni maneno tu. Orodha ya wasiokuja niliijaza kutoka kichwani: Debra Muthama, Haron Mungai, na wengine wa mtindo huo. Juu kabisa nikaandika kwa herufi nyekundu, HUU NI MFANO. Nikamweleza Waithaka, nikarudia, nikamwandikia.

Siku ya kuuonyesha nilifika Kangemi nikakuta hema, viti vya kukodi, utepe mlangoni na askofu. Herufi zangu nyekundu hazikuwepo. Waithaka alikuwa amezifuta.

"Zinatisha wageni," akasema.

"Waithaka, hiki kitu hakifanyi kazi. Ni picha."

"Wahu, wewe hupenda kuharibia watu siku. Watu wamepika, askofu amekuja, halafu unaleta stori ya mfano."

Utepe ukakatwa. Askofu akaweka mkono juu ya kompyuta akaombea kazi ya mikono yetu, na mimi nikawa natazama jina la Debra wangu wa uongo likisomeka katikati ya vidole vyake. Watu wakasema amina. Waithaka akasema yake kwa sauti kubwa kuliko wote. Pilau ilipogawiwa, sikuigusa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa msimamizi wa kliniki kumwambia sasa tutupe tuanze kujenga. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.

"Hiyo kitu imeombewa," akasema. "Utaitupa aje?"

Nikajaribu kumweleza, lakini Waithaka alikuwepo, akatabasamu. "Umesikia? Mteja ameridhika." Tabasamu lile linanitia kinyaa hadi leo. Akanihamishia kazi ya duka moja la vifaa vya ujenzi River Road, akanikataza kukanyaga Kangemi. Kule kliniki, kadi za zamani za wagonjwa zikafungiwa stoo, kwa kuwa kompyuta ipo. Sista nilimwachia ujumbe mapokezini anipigie. Haukumfikia.

Alinipigia kwa shida yake mwenyewe, miezi miwili hivi baadaye.

"Wahu, samahani, mama. Huyu Haron Mungai anaishi upande gani? Nimezunguka Gichagi yote, hakuna anayemjua."

Nikaacha nilichokuwa nachapa.

"Debra Muthama nilimpata," akaendelea. "Anauza sukuma sokoni. Nilimwambia taratibu, mficha maradhi kifo humuumbua. Alikataa katakata mbele ya wateja wake. Sasa hakuna anayenunua mboga zake, na bado hataki dawa."

"Sista," nikasema, "huyo si mgonjwa, ni majina tu yamegongana. Debra nimemtunga. Haron nimemtunga. Wote niliwatoa kichwani."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wale niliowaandika mimi?"

"Haikuhifadhi hata mmoja."

"Wengi nawajua kwa sura, wananikuta nawapa," akasema, kama anayejihesabia. "Lakini Sifuna. Wahu, Sifuna alikuwa amefika nusu ya dawa. Sijamwona muda, na kompyuta haikumtaja, nikadhani huchukua dawa siku ambazo niko nje."

Nilimwendea Waithaka mezani kwake nikamweleza yote. Alikuwa anakula sambusa. Hakuuliza huyo Sifuna ni nani, wala Debra atakula nini. Alifuta vidole kwenye suruali, akachapa karatasi ya mahitaji, akaiwekea tarehe ya miezi ya nyuma, akanisukumia ikiwa na alama ya mafuta pembeni.

"Pelekea Sista atie sahihi. Sisi tulitumia maporomoko. Hapa hakuna mahali wameandika kuhifadhi."

Nilimwangalia yule mtu. Midomo inang'aa mafuta, dhamiri hana hata ya kuazima. Alikuwa anataka kumbebesha mzigo yule mama aliyechakaza viatu akitafuta watu wasiokuwepo.

"Tia sahihi wewe," nikamwambia. "Mimi hata kiti chako naona kinanuka." Nikachukua mkoba wangu nikatoka, na sikurudi.

Sista alikuwa amevunja kufuli la stoo nilipofika kliniki. Kadi ya Sifuna alikuwa nayo mkononi, pakiti za dawa kwenye mfuko wa sweta. Tukateremka pamoja kati ya nyumba za mabati, yeye mbele. Njiani nilimwona akipangusa macho kwa kiganja, nikajifanya sijaona.

Sifuna alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, mwenye mabega mapana siku aliyoandikishwa, hivyo ndivyo Sista alivyonieleza baadaye. Tuliyemkuta kitandani shati lilimning'inia. Kulikuwa na kopo la kutemea karibu na mguu wa kitanda, na makohozi yake yalikuwa na damu. Sista akapiga magoti palepale sakafuni.

"Sifuna, mbona uliacha dawa? Si tuliongea mimi na wewe?"

"Sista, usinikasirikie," akasema. Ilimbidi apumzike kila baada ya maneno machache. "Mimi sikuacha. Nilikuja, nikarudi tena. Huyo msichana wa dirisha la dawa aliangalia kwa kompyuta, akasema jina yangu haiko, niende kwenye niliandikiwa."

"Ungeniulizia mimi."

"Nilikuulizia," akasema Sifuna. "Wakaniambia umeenda kutafuta wagonjwa."