Jina la Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sitalitaja hapa. Alikufa miaka mingi iliyopita, na wachungaji wametuhubiria mpaka wamechoka kwamba mila ile ni ya kale, lakini mdomo wangu haukubatizwa kiasi hicho. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mume wake, hamsemeshi, wala jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Mkikutana njiani unaingia majanini, unachuchumaa na kujifunika khanga mpaka apite. Mimi niliingia majanini na mvua ikinyesha, na ndoo ya maji kichwani, na mimba tumboni.

Zamani mzee kama yule asingekaa hata kijiji kimoja na mimi. Lakini mwaka 1954 mama mkwe alifariki, nyumba yao kule Tukuyu ikaungua, na katika watoto wake mwenye nafasi alikuwa mume wangu Fanueli, dereva wa lori. Tulikaa Uyole, nje ya mji wa Mbeya. Fanueli akajenga ukuta wa mianzi na udongo, akaigawa nyumba. Mlango wa mzee ulitazama mashariki, wangu magharibi. Chakula chake alipelekewa na binti yangu Lusia. Mzee alikohoa kabla ya kutoka, mimi niligonga ndoo kabla ya kuingia uani. Tuliishi hivyo chini ya paa moja, kila mmoja akimkimbia mwenzake kwa heshima.

Kasuku walikuja Juni ya mwaka uliofuata. Mzungu mmoja wa Iringa alikuwa amewaagiza kutoka Kongo, na Fanueli akawapokea Tunduma kumpelekea. Yule Mzungu alipofunua kikapu aliona makinda mawili yaliyonyonyoka vifua, yanakoroma kwa hofu, akasema hakuagiza kuku wagonjwa. Fanueli akalala nao Ipogolo, hapo hapo Iringa, asubuhi akageuza lori. Alifika, akaweka kikapu jikoni kwangu, akasema, "Hebu angalia kama watapona." Wanaume bwana! Kesho yake alikuwa barabarani tena.

Niliwaangalia. Macho yao yalikuwa meusi tii, maana kasuku mchanga huwa hivyo, rangi ya manjano huja baadaye akikua. Nikamkamata mmoja nimlishe uji kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa. Aliniuma kidole mpaka mfupa. Nikamtukana kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, nikafunga kidole kitambaa, nikaenda mjini kwa Bi Mwanakhamisi, muuza khanga, ambaye kwao Bagamoyo walifuga kasuku tangu enzi za babu yake.

"Umemkamata?" akanicheka. "Basi umeshamwambia kwamba wewe ni mwewe. Kinda la kasuku halishikwi, bibi we. Kaa karibu naye, mpe bega. Usimkazie macho, kwa ndege anayekukazia macho ni yule anayetaka kukula. Weka karanga, ondoa mkono kabla hajaogopa. Kesho hivyo hivyo. Mwenyewe ndiye atakayekuja."

Nilirudi nikicheka peke yangu njia nzima. Kukaa upande, kutotazama, kuondoka kabla ya kuonekana: si ndiyo kazi niliyofundwa tangu siku ya harusi? Uyole nzima hakuwapo mwanamke aliyeijua kuliko mimi.

Basi nikakaa. Juni na Julai kwetu umande unaganda juu ya majani, kwa hiyo niliweka tundu lao karibu na mafiga, nikakaa kigodani na kuwapa bega huku nachambua maharage. Yule mkubwa nilimwita Jeuri, mdogo nikamwita Pole. Siku ya tisa Jeuri alichukua karanga vidoleni mwangu na kuitupa chini, ili nijue kwamba hakuja kwa njaa. Pole alichukua wiki tatu. Siku alipopanda kifundoni mwa mkono wangu, akatulia na kufumba macho, sikuthubutu hata kupiga chafya. Maharage yaliungua na sikujali.

Ndipo nikaanza kuona maganda ya karanga nisizowapa. Nikitoka shambani nakuta kigoda kimesogezwa. Nikamwuliza Lusia, "Nani anaingia jikoni kwangu?"

"Babu."

"Anafanya nini?"

Lusia akakigeukia kikapu cha mahindi kwa bega na kutazama miguu yake. "Anakaa hivi," akasema.

Nilipaswa kukasirika. Jikoni ni mahali pangu, na mkwe kuingia humo ni kichekesho. Lakini sikukasirika. Nilianza kuacha karanga juu ya kigoda kabla ya kwenda shambani. Siku moja nikakuta kijiti cha kusimamia kilichokuwa kimelika kimebadilishwa, kimewekwa kipya cha mpera, kimechongwa vizuri. Nikaacha ndizi mbivu mbili, moja ya ndege na moja isiyo ya ndege. Zote zililiwa. Sijapata kuzungumza na mtu vizuri namna ile.

Mwaka ulipogeuka ndege wakaanza kusema. Neno lao la kwanza lilikuwa langu, kwa sauti yangu kabisa: "Funga mlango, baridi inaingia!" Ndilo nililompigia Lusia kelele kutwa nzima. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mzee akicheka mpaka akakohoa, nami nikaziba mdomo kwa khanga ili asisikie kwamba nacheka pia.

Halafu, wiki moja kabla ya Pasaka ya 1956, Pole alijinyoosha shingo na kutamka jina la baba mkwe wangu.

Chungu kilinitoka mkononi. Alilitamka taratibu, kama mtu anavyomwita jirani aje wanywe chai, na sauti ilikuwa yangu. Nikafunika tundu kwa gunia. Nilijiuliza kalipata wapi. Mzee hakuwa na mgeni. Rafiki yake Yotamu, wa mwisho katika rika lake, alizikwa mwezi wa kwanza, na sisi wengine wote tulimwita baba au babu. Ningemwambia Fanueli siku ile, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini nani angeniamini? Niliogopa, nikaficha. Kosa hilo nalibeba mpaka leo.

Jumatatu ya Pasaka akaja shemeji yangu Saulo, mtoto mkubwa wa mzee, pamoja na wazee wawili wa ukoo kutoka Tukuyu. Fanueli alikuwa safarini Iringa. Wageni walikaa barazani wanakula, mimi nipo jikoni napakua, na gunia nilikuwa nimelitoa kidogo tu ili ndege wapate hewa. Pole akaita jina. Akaita tena.

Barazani sahani zikawekwa chini. Kisha nikasikia viatu vya Saulo vikizunguka nyumba.

"Nani huyu ameita baba yangu kama anaita mbuzi?"

Pole alijibu mwenyewe, jina lile lile, sauti ile ile, mbele ya macho yao watatu.

"Ndege hawezi sema kitu hajafundishwa," Saulo akasema. "Na sauti ni yako. Yaani kutwa unakaa humu unamtaja baba, unamchezea!"

"Shemeji, naapa sijawahi..."

Hakusubiri. Alifungua tundu akaingiza mkono. Jeuri, ambaye hakuwahi kumheshimu mtu, alimng'ata, na Saulo akamvuta nje na kumbamiza kwenye nguzo. Ndege wangu akaanguka karibu na mafiga, hakutikisika tena. Pole alijibana pembeni akikoroma vile vile kama siku ya kikapu.

Nilipiga magoti pale na Jeuri mikononi, huku wao wakinihukumu juu ya kichwa changu. Nirudi kwa baba yangu Masoko. Baba yangu alete ng'ombe wa kuomba radhi. Lusia abaki, maana mtoto ni wa ukoo. Niliposikia la Lusia nilianza kulia kwa sauti, na aibu yote ikaniondoka.

Ndipo mzee akakohoa.

Wote walikijua kikohozi kile. Nikajitupa nyuma ya rundo la kuni, nikajifunika, na sauti yake ikaja kutoka mlangoni.

"Mwacheni. Nilimfundisha mimi."

"Baba, usimfiche," Saulo akasema.

"Mimi nifiche nini? Kila siku yeye akienda shamba, mimi nakaa pale kwenye kigoda, nasema jina langu. Miezi mitatu. Ndege kachukua neno kwangu, sauti kachukua kwa yule anayemwamini." Akavuta pumzi. "Tangu Yotamu afe hakuna mtu wa kuniita. Nyie mnasema baba, babu, mzee. Vizuri, ni heshima. Lakini mimi nina jina. Mama yangu alinipa. Nilitaka kulisikia kabla sijasahau kama ni langu."

Mzee mzima, aliyekuwa jumbe zamani, kusimama mbele ya mwanawe na kukiri jambo kama lile! Niliona uchungu wake kuliko wangu. Saulo aliinama, akatoka. Alasiri wageni wakaondoka bila kumaliza chakula, na mimi nikabaki na mwanangu. Jeuri nilimzika chini ya mpera.

Lakini Pole hakusema tena. Alijinyonyoa kifua kikawa uchi, na nikisogea alikoroma. Yote niliyoyajenga mwaka mzima Saulo aliyabomoa kwa pumzi moja. Nikarudi kigodani, nikampa bega, nikaanza upya kama mjinga aliyerudishwa darasa la kwanza. Na mzee naye alirudi, maana maganda niliyaona.

Mwaka mwingine ukapita hivyo. Pole alikuja kukubali karanga, kisha kidole, kisha kukunwa shingo. Macho yake yaligeuka manjano. Neno hakutoa hata moja.

Julai ya 1957 kifua kilimlaza mzee, asiinuke tena kitandani. Kila asubuhi alimtuma Lusia jikoni. "Babu anauliza, ndege amesema?" Nami kila asubuhi nilimrudisha na jibu lile lile: bado. Niliona jinsi mtoto alivyorudi polepole kwa kutopenda kulipeleka. Nilimbembeleza Pole. Nilimwimbia, nilimpa tende za Bi Mwanakhamisi, nilimtishia kumchemsha. Alinitazama tu.

Siku moja kabla mzee hajafa, saa kumi hivi jioni, Saulo aliyekuwa amekuja kumuuguza alitoka kwenda kupasua kuni. Lusia alikuwa kwa jirani. Fanueli tulimtumia habari Iringa na lori lake lilikuwa bado halijafika. Nyumba ilikuwa kimya, mimi na Pole upande huu, mzee upande ule. Nikasikia kitanda chake kikilia.

"We ndege," akasema. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Niite basi. Mara moja tu."

Pole alikuwa mkononi mwangu. Nilimsogeza karibu na ukuta, nikamkuna shingo, nikamwomba kimoyomoyo kwa jina la Yesu na kwa la mizimu pia. Alifumba macho akalala.

"Niite," mzee akasema tena.

Nilifikiri juu ya mama yangu, ambaye alikufa bila kulitamka jina la babu yangu mzaa baba. Nilifikiri juu ya ng'ombe wa radhi, na Masoko, na Lusia. Kisha nikaegemeza paji la uso kwenye ule ukuta wa mianzi, nikamwita baba mkwe wangu kwa jina lake, taratibu, kama mtu anavyomwita jirani aje wanywe chai.

Hakujibu upesi. Nilidhani nimemuua.

"Naam," akasema. Halafu, baada ya muda, "Ndaga fijo, mwanangu."

Asante sana, alisema, na ndege hawi mwana wa mtu. Nikakaa chini kwenye majivu na Pole kifuani, na machozi yakanitoka bila sauti.

Mlango wa mashariki ukafunguliwa kwa kishindo. Saulo aliingia mbio na shoka lake mkononi.

"Baba! Nimesikia! Ndege amesema?"

"Amesema," baba mkwe wangu akajibu. "Funga mlango, Saulo. Baridi inaingia."