Mwamba Unaotembea

Mashine yetu haijui kusema sijui. Tuliifundisha kutambua vitu vya baharini kwa picha za rada za setilaiti, mawingu yawepo yasiwepo: meli ya mizigo, ya uvuvi, boya, mwamba. Ukiiletea kitu kigeni, inakibandika jina lolote lililo karibu, tena bila haya. Na kikishaitwa mwamba, kinafutwa kwenye ramani ya waokoaji. Nani atapoteza mafuta kufuata jiwe?

Kaka yangu alikuwa mpishi kwenye chombo cha mizigo kilichonyamaza redioni juzi. Ndugu yangu wa pekee, mtu wa maneno mengi kuliko chumvi anayotia. Mama alinipigia simu kila mara, akiuliza kama tumemwona.

Asubuhi hiyo nikaachana na ramani, nikafungua picha zenyewe, zile ambazo hazijafutwa kitu. Kwenye njia yao palikuwa na mwamba. Kwenye picha ya jana, mwamba ule ule ulikuwa kusini zaidi. Jamani, tangu lini mwamba ukatembea? Lile lilikuwa tumbo la chombo kilichopinduka, na mashine haikuwahi kuonyeshwa kitu kama hicho.

Nikaifundisha aina hiyo mpya kwa mfano mmoja niliokuwa nao, picha ya jana. Nikaipa ya leo. Ikakitambua, kwa kusitasita. Nikamkimbilia mkuu wa zamu, ambaye tunamwita Bwana Utaratibu, na si kwa kumsifu.

"Mfano mmoja," akasema. "Aina mpya hatuiamini mpaka ifike mifano thelathini, unajua."

"Kwa hiyo, mkuu, unataka vipinduke vyombo vingapi ndipo ndege iruke?"

"Dada yangu, ndege ni moja. Ikienda kwenye jiwe, halafu wengine waite?"

"Kaka yangu yuko kwenye hilo jiwe. Nakuomba. Nikikosea, nifukuze leo leo."

Nikapiga magoti sakafuni. Akanitazama, akanyanyua simu ya rubani.

Tukakaa kwenye redio.

"Nimekiona," rubani akasema mwishowe. "Kimelala tumbo juu. Kuna mashati yamefungwa kwenye rafadha, ile pangaboi ya nyuma, yanapepea. Nimezunguka na kuzunguka. Watu hakuna."

Mashati hayajifungi yenyewe. Jana walikuwa wamekaa pale juu, wakitupungia, na sisi tukawaita jiwe. Bwana Utaratibu akafunika uso kwa viganja.

Simu yangu ikaita. Mama.

"Mmemwona?"

"Tumekiona chombo, mama."

Nilitaka kumwambia alichosema rubani, hakunipa nafasi. Naye akaangua kilio cha furaha, akawa anamshukuru Mungu na kuwaita majirani.

"Mwambie ajifunike vizuri," akasema. "Kifua chake hakiwezi baridi. Na akija, mwanangu, usimgombeze."